Njia ya Mabeseni

Kiroba cha kwanza kilipasuka kabla hakijafika chini. Mchanga ukamwagikia viatu vya Brightson, mwenyekiti wa klabu ya jogingi, naye akaruka pembeni huku ameinua simu yake juu isipate vumbi. Wenzake wakapiga makofi. Walikuwa watu arobaini na ushee, wote wamevaa fulana za rangi ya chungwa zilizoandikwa mgongoni "Tunakimbia kwa Ajili ya Jamii", na tangu saa moja asubuhi walikuwa wameshakimbia, wameshaimba na wameshapiga picha ya pamoja mara tatu. Kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Mmoja ameshatutoka," alisema Mwajabu kutoka juu. "Mzikeni kabla ya jua kali."

Walicheka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi asubuhi ile: kila alipowatukana, walicheka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mwisho wa kichochoro, sufuria la supu ya samaki likichemka mbele yake, na pale alipokuwa aliwaona wote chini mchangani, wakiinama na kuinuka bila mpango.

Kichochoro chenyewe ni hatua tatu kwa upana, kimebanwa na kuta mbili ndefu, huko Ununio. Kushoto ni hoteli ambayo haijaisha kujengwa na haielekei kuisha. Kulia ni jumba la bwana mmoja ambaye watu wa mtaa wanalijua gari lake tu, yeye hawamjui. Zamani kabla ya kuta kila mtu alishukia pwani alipotaka. Kuta zilipokuja, mtaa mzima ukabakiwa na tundu hilo moja la kupitia, na wanawake wanaonunua samaki mnadani ndio waliolikanyaga mpaka likaitwa Njia ya Mabeseni. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga kikapiga usiku kucha. Kulipokucha ngazi za mawe hazikuwapo, miti miwili ya mivinje iliyoshikilia ukingo haikuwapo, na njia ikawa inaishia hewani, juu ya korongo lenye kina cha kumpita mtu.

Mwajabu alikuwa mkaanga samaki, mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Kazi ya mkaanga samaki huanza alfajiri, boti zinapotia nanga. Lazima uwepo mchangani dalali anapomwaga samaki wa kwanza, uinue kidole kabla hawajashuka wenye magari na maboksi ya barafu. Anayewahi anapata vibua wenye macho maangavu. Anayechelewa anapata masalia, matumbo yameshapasuka, samaki ambao ukiwatia kwenye mafuta wanasambaratika na karai linabaki na miiba. Kwa wiki tatu Mwajabu alikuwa anazungukia barabara ya hotelini, mwendo wa dakika arobaini na beseni kichwani, na kwa wiki tatu alikuwa anakaanga masalia. Wateja wake wa jioni walivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakijifanya hawajamwona, wakaenda kununua kwa mwingine kule kituoni.

Na Jumatatu mtu wa ofisini, wa manispaa, angekuja kukagua. Njia ikipitika, inabaki. Isipopitika, inatangazwa kuwa ya hatari na inafungwa mpaka itakapotolewa taarifa nyingine, na kila mtu mtaani anajua taarifa nyingine huwa haitolewi. Geti la kufungia lilikuwa tayari. Lilikuwa la chuma, lina maua ya kuchomelea, limeegemezwa kwenye ukuta wa yule bwana wa kulia, bado limevikwa nailoni yake. Kigoda cha Mwajabu kilikuwa hatua nne kutoka kwenye geti hilo.

Mtu mwingine angewaombea dua wale wenye fulana. Mwajabu aliwadharau tangu walipotokea kwenye kona. Watu wazima, wana magari, wanaamka saa kumi na moja kukimbia barabarani bila kufukuzwa na mtu. Wamenunua viwanja juzijuzi, wamejenga, wamefunga milango, na bahari wameanza kuijua baada ya kimbunga kuwaonyesha kwenye taarifa ya habari. Hakuna aliyebisha hodi kwake wala kwa mwanamke yeyote wa beseni kuuliza ngazi zilikuwaje. Walichomwomba ni supu.

Na walivyofanya kazi, mtu angeweza kulipa kiingilio kuwatazama. Walihitaji mchanga wa kujazia viroba, basi wakawa wanauchota chini ya ukingo uleule waliokuja kuuzuia usianguke. Mmoja anajaza, wawili wanashika mdomo wa kiroba, wanne wanatazama. Dada mmoja alivaa glavu za kuoshea vyombo, nyekundu. Kaka mmoja alikuja na chepe jipya lenye karatasi ya dukani, akalibeba begani mpaka saa nne bila kuligusisha ardhini.

Msimamizi wa ufundi alikuwa Mwalimu Revelian, mstaafu wa hesabu, mtu wa Bukoba, mwenye kofia ya pama na daftari. Alikuja na pimamaji, kile kifaa cha mafundi chenye kipovu ndani ya kioo, na kilipima kila kitu siku ile isipokuwa maji. Mpango wake ulikuwa mzuri kwenye karatasi: viroba vya mchanga uliochanganywa na saruji, vinapangwa ngazi kwa ngazi, vinamwagiwa maji, vinakauka usiku na kuwa jiwe. Ngazi ya chini kabisa, msingi, akaamua ikae mbali na ukingo, katikati ya mchanga, ili mteremko uwe wa taratibu. Hapo hapakuhitaji kuchimba. Wenye fulana waliupenda mpango huo kwa sababu hiyo.

Kosa lao lilikuwa la watu wanaoishi kwa kalenda ya ukutani. Walichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa kuwa ndiyo siku ya usafi, maduka yanachelewa kufunguliwa na kila mtu yupo. Mwezi wa angani hawakuuangalia. Mwezi wa angani ulikuwa kumi na tano, na Mwajabu alilijua hilo hata tumboni, kwani alikuwa amefunga saumu ya siku nyeupe, siku tatu za katikati ya mwezi, na hiyo ilikuwa ya tatu. Mwezi kumi na tano ni bamvua. Asubuhi maji yanapwa mpaka unaweza kutembea kwenye miamba usikojua kama kuna miamba. Saa kumi jioni yanarudi yote, na ya ziada. Kesho yake yanazidi kidogo, kesho kutwa yanazidi tena. Wao saa nne asubuhi waliitazama bahari, wakaiona imelala kule mbali kwenye mstari wa buluu, wakadhani ndiko kwake.

Mwajabu aliyaona yote hayo, akakoroga supu yake, akanyamaza. Nia yake ilikuwa kuwaambia. Alikuwa anangoja tu waje waulize.

Aliyekuja kwanza ni Brightson, simu mbele.

"Bi mkubwa, samahani. Sema neno moja hapa, tunarekodi. Wewe ndiyo mlengwa wetu."

"Mie mlengwa?"

"Ndiyo, yaani mnufaika. Hii projekti nzima ni kwa ajili yenu nyie wananchi wa hali ya chini."

"Mie nimekaa juu huku. Uliye chini ni wewe."

Brightson akacheka mpaka simu ikatikisika. "Bi mkubwa una vituko kinoma. Wadau watakupenda." Akapanda, akamtupia fulana ya chungwa begani juu ya kanga yake, akamwekea mikononi kiroba kitupu kilichokunjwa. "Shika hivi. Inama kidogo, kama unafanya kazi. Hapohapo. Freshi."

Akapiga picha mbili na kuteremka, akisoma alichopiga. Mwajabu alibaki ameshika kiroba kitupu. Miaka thelathini na moja ameshuka njia ile na beseni, amewahi kuishuka akiwa na mimba ya miezi minane, amewahi kuishuka siku ya tatu baada ya kumzika mumewe kwa sababu watoto lazima wale, na sasa ameambiwa ainame kama anafanya kazi. Alisikia joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Kama angekuwa na kitu kizito mkononi badala ya kiroba kitupu, angemrushia.

Ni wakati huo, kwa bahati mbaya, ndipo Tusajigwe alipokuja. Huyu alikuwa binti wa Tukuyu anayeuza duka la dawa karibu na kituo, amechafuka udongo mpaka magotini. Katika watu arobaini na ushee ni yeye pekee aliyekuja na jembe lililokwishatumika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani mama, naomba kuuliza. Mwalimu anasema msingi tuuweke pale chini, ila mie naona kama maji yatafika. Huwa yanafikaga wapi?"

Jibu lilikuwepo, fupi tu. Yanafika mpaka ukingoni mwanangu, rudini nyuma hatua sita, chimbeni mpaka kwenye udongo mwekundu, muanzie hapo. Mwajabu alilifungulia mdomo. Kisha akamwona Brightson chini, anamwonyesha mwenzake ile picha, wote wawili wanacheka.

"Unaliona lile jiwe jeusi?" alisema, akinyoosha upawa. "Hayajawahi kulivuka. Tangu nazaliwa."

"Hata yakijaa sana?"

"Hata yakijaa sana."

"Asante mama. Mungu akubariki."

Binti akateremka kwa kuruka korongo kama mbuzi. Mwajabu alimfuata kwa macho mpaka alipomfikia Mwalimu, akaona Mwalimu akiandika kwenye daftari. Kwa dakika chache alijisikia vizuri sana. Aliiona saa kumi ya jioni mbele yake: maji yanakuja, viroba vinalegea kimoja kimoja, fulana zinahangaika, na picha zao bado zinapongezwa kwenye simu za watu. Baadaye akakumbuka kwamba amefunga. Akatema mate pembeni, akasema astaghfirullah bila kuiweka moyoni, akaongeza kuni.

Kufikia saa sita ngazi zilikuwa zimesimama. Hata yeye hakutegemea. Zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa vizuri, zimemwagiwa maji na kung'aa juani. Wakapiga picha ya nne. Wakapanda wote kunywa supu, wakalalamika haina chumvi, na Mwajabu akawajibu kuwa aliyefunga haonji, waliotaka chumvi wangechota yao baharini. Wakacheka tena. Wakashika njia kwenda kwenye banda la nyama choma lililo kando ya lami, wakiimba.

Tusajigwe alibaki nyuma kumsaidia kuosha vikombe.

"Mwalimu alitaka ngazi nane tu," alisema, mikono ikiwa ndani ya ndoo. "Nikamwambia wamama wanapitaga hapa na mabeseni kichwani, ngazi ikiwa ndefu wataumia magoti. Ndo tukazifanya fupifupi. Tumechelewa kidogo lakini nadhani mtatuona tuna akili."

Mwajabu alisema ahaa.

Binti alipoondoka, akaswali adhuhuri uani kwa jirani, akarudi, akachukua beseni lake tupu, akaliweka kichwani na kuteremka. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Pengine alitaka kupata la kuwasema. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiroba kilikuwa kibichi bado, kinabonyea kidogo, lakini mguu ulifika chini pale ulipotarajia kufika. Hata goti la kushoto, ambalo hulalamika kwa kupanda kitanda, lilinyamaza. Kwa miaka yote ile ya ngazi za mawe aliteremka ubavuubavu kama kaa. Leo aliteremka amenyooka, na alipofika mchangani alisimama na beseni lake kichwani, hana la kuwasema.

Bahari ilikuwa imeshageuka. Miamba ya mbali haikuonekana tena.

Hapo ndipo akili yake ilipofanya hesabu ambayo hasira iliiruka asubuhi. Ngazi hizi zikiondoka leo, kesho watu hawa hawarudi, wana kanisa na wana magari ya kuosha. Jumatatu mtu wa ofisini anakuta korongo. Geti linavuliwa nailoni. Nani anabaki nje ya geti? Brightson ana barabara ya hotelini na usafiri wa kuipitia. Aliyetaka kuwatia aibu wageni alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, kwa upawa wa supu. Maishani mwake Mwajabu alidharau watu wa kila aina, lakini mjinga alimdharau kuliko wote, na sasa alikuwa amesimama mchangani ndani ya viatu vya mjinga huyo.

Banda la nyama choma hakuwahi kulikanyaga. Aliingia katikati ya meza na chupa, kanga mbili na beseni mkononi, spika zinapiga singeli ya kupasua masikio, akasimama mbele ya Brightson.

"Msingi mmeuweka pabaya," alisema. "Saa nane na nusu maji yatafika. Kumi yatabeba vyote."

"Bi mkubwa, umeanza tena," alisema Brightson, mdomo umejaa. Meza nzima ikacheka. "Ngoja ngoja, rudia nirekodi."

"Sitanii. Leo mwezi kumi na tano. Bamvua. Na Jumatatu yatazidi ya leo."

Mwalimu Revelian alifungua daftari lake. "Lakini mama, wewe mwenyewe ulisema hayavuki jiwe jeusi. Nimeandika hapa. Saa nne na dakika ishirini."

"Nilisema uongo."

Muziki haukupunguzwa, hakuna aliyekumbuka, kwa hiyo ilimbidi aseme mara ya pili kwa kupaza sauti, na hata watu wasiokuwa na fulana wakageuka.

"Nilisema uongo. Huyu binti aliniuliza nikamdanganya. Maji yanafika ukingoni."

Tusajigwe aliweka soda yake mezani taratibu. "Nilikuamkia, mama."

"Uliniamkia."

"Nikakuuliza kwa adabu."

"Uliniuliza kwa adabu."

"Sasa kwa nini?"

Asubuhi alikuwa na sababu tele: mlengwa, fulana begani, kiroba kitupu, inama kidogo. Pale katikati ya sahani za mifupa zilionekana ndogo, akaona haya kuzitaja.

"Niliwadharau," alisema. "Basi."

Brightson alijifuta vidole. "Sasa bi mkubwa, watu wamechoka. Na picha zimeshaenda kwenye grupu, watu wameshapongeza. Ishu ya maji si tuione kesho?"

"Kesho hakuna cha kuona."

Lilibaki neno moja tu ambalo hajawahi kulitumia kwa watu wa aina ile, wala kwa wengi wa aina nyingine. Mumewe marehemu aliwahi kusema atakufa hajalisikia, na kweli akafa hajalisikia.

"Nawaombeni," alisema.

Hakungoja kuona limefanya nini. Akageuka, akatoka, akarudi njia yote peke yake. Aliposhuka ngazi aliweka beseni chini, akashika kiroba cha msingi kwa masikio yake mawili na kuvuta. Hakikusogea. Akavuta tena. Kilisogea shubiri moja na mgongo wake ukalia.

Wakaja. Hawakuja wote, wengine nyama yao ilikuwa haijatoka jikoni. Alikuja Tusajigwe na jembe lake, hakumsemesha, akashika upande wa pili wa kiroba na kuvuta huku anatazama pembeni. Alikuja Mwalimu Revelian amekunja suruali, miguu yake myeupe kwa kutopigwa na jua tangu alipostaafu. Wakaja wengine kama kumi na mbili, wananukia moshi, na mwisho kabisa Brightson, amenuna kama aliyeitwa na mkwewe. Walibomoa kwa saa nzima kile walichokijenga kwa saa tatu, wakaburuta viroba mpaka chini ya ukingo. Katikati ya kazi hiyo ulimi wa kwanza wa maji ulifika kwenye jiwe jeusi, ukalizunguka, ukapita. Mara ya tatu jiwe halikuonekana tena.

"Haya," alisema Mwalimu, anahema. "Sasa wapi?"

Mwajabu alionyesha pale ukingo ulipomeguka, palipokuwa na rafu ya udongo mwekundu, mgumu, juu kidogo ya mchanga. "Pale. Msingi uanzie palepale, ngazi zichimbwe kuingia ndani ya kichochoro."

"Pale ni kazi ya mpaka giza, na kesho siku nzima. Mie nina miaka sitini na nane, mama." Mwalimu hakusema kwa ubaya. "Asubuhi ulionyesha jiwe. Sasa unaonyesha udongo. Tutajuaje kwamba safari hii unasema kweli?"

"Hatujui," alisema Brightson. "Twendeni tu zetu nyumbani."

Wawili watatu wakaanza kutafuta ndala zao. Mwajabu aliwatazama. Alikuwa na maneno ya kuwaambia, makali, ya haki kabisa, na alijua hakuna hata moja litakalomrudisha mtu. Akavua viatu. Akapanda kwenye ile rafu ya udongo, akajishikiza kwa mkono, akageuka, akasimama amewapa uso wao na bahari.

"Nitasimama hapa mpaka yaanze kurudi," alisema. "Yasiponigusa, mchimbe nilipo. Yakinigusa hata kidole, nendeni, na huko muendako mniite mwongo."

"Si umesema Jumatatu yanakuwaga makubwa kuliko leo?" Hilo lilikuwa neno la kwanza la Tusajigwe kwake tangu kule bandani.

"Jumatatu nimeshaihesabu. Leo yanatakiwa yakome pale, hatua mbili chini yangu."

Wakakaa kwenye viroba, mmoja mmoja, hata wale wa ndala. Ilikuwa imeshapita saa tisa. Maji yalipanda bila haraka, yakafika pale walipokuwa wameweka msingi asubuhi, yakaujaza mfereji ulioachwa na viroba vilivyoburutwa, yakalainisha alama zote za viatu na chepe.

Mwajabu alisimama mikono imeshika kanga. Sauti yake ilikuwa na uhakika wakati anasema hatua mbili. Sasa, baada ya kusema, alianza kuutazama ufuko vizuri, na akaona asichokuwa amekifikiria. Mstari anaoujua yeye ni wa pwani ya zamani, yenye mteremko, yenye mivinje miwili ya kuvunja nguvu ya wimbi. Mteremko haukuwapo. Mivinje haikuwapo. Tangu kimbunga hakuwahi kufika hapa maji yakiwa yamejaa. Alikuwa anapita kule hotelini alfajiri, anainua kidole, anaondoka. Ufuko huu mpya alikuwa anauona kwa mara ya kwanza, kama wao. Aliogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa mbele za watu, alinyoosha shingo.

Povu lilifika hatua tano chini yake. Likarudi. Likafika hatua nne, likakaa, likazama mchangani. Mwalimu alikuwa anatazama saa yake kila mara, midomo inacheza. Ilipotimia saa kumi, mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba bado robo saa yageuke, na mwingine akamwambia anyamaze.

Kisha likaja wimbi moja refu, halikuwa na kelele, limejaa tu kutoka ukutani hadi ukutani, likaanza kupanda. Watu kwenye viroba wakainama mbele, wote wanatazama miguu yake. Mwajabu hakutazama chini. Alimtazama Tusajigwe, ambaye macho yake yalikuwa yanalifuata povu likipanda, mpaka yakasimama hatua mbili chini ya miguu yake, naye akainama kuokota jembe.